Usiguse Hata Noti Moja

Mimi ni mtu wa hasira, nalisema mapema msije mkadai nimewaficha. Nimecheza mpira miaka kumi na mitatu, beki wa kushoto: miwili Mombasa, miwili Tanzania, tisa Omani. Katika miaka yote hiyo nimetolewa uwanjani kwa kadi nyekundu mara kumi na moja, na mara tisa nilistahili. Hapa Malindi wananiita Kepteni, ingawa ukepteni wenyewe niliushika mechi sita tu, kepteni wa kweli alipovunjika mkono. Jina langu Amin. Nina miaka thelathini na sita, goti langu la kulia halikunjiki vizuri, na mambo yaliyonipata mwezi wa Shaaban mwaka huu bado yananizungusha kichwa.

Nianzie kwenye simu, maana balaa lote limetoka huko. Ukicheza mpira nje, simu yako haiwi tena simu ya kusalimiana. Shangazi paa linavuja. Binamu kakamatwa na polisi, ati hakufanya kitu. Mtu tuliyekaa naye mkeka mmoja chuoni anataka pikipiki. Jirani ambaye hata sura simkumbuki anaoza binti, na mimi ndiye wa kununua kitanda. Mwanzo nilikuwa natuma. Baadaye nikawa nauliza maswali. Mwishowe nikawa nafoka, mtu hajamaliza hata salamu. Wakaniita mkono wa birika, nami nikasema sawa, niiteni hivyo lakini niacheni nilale.

Mwaka 2017 nilikuja likizo na pesa za kutia saini mkataba mpya. Baada ya kubadilisha riali zilikuwa shilingi milioni mbili na laki nne. Benki sikutaka, kwanza kwa sababu ya riba, na pili kwa sababu hakuna benki Malindi isiyo na binamu yangu ndani yake. Nikiweka asubuhi, ikifika adhuhuri shangazi ameshajua mpaka senti. Basi nikaenda kwa Mukesh.

Mukesh alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko la zamani, duka alilorithi kwa babake. Alikuwa Mhindi wa dini yake, lakini watu wa mji walimwamini kuliko walivyoaminiana wenyewe. Mtu akienda Hija anamwachia hati ya nyumba. Bibi harusi akisafiri anamwachia dhahabu. Alikuwa akiviweka kwenye sefu kubwa nyuma ya duka, hatozi kitu, haandiki kitu, na siku ukirudi unakuta chako kama ulivyokiacha. Hiyo ndiyo amana. Amana si mkopo. Ukiwekewa hukitumii wala hukibadilishi, unakilinda tu. Mukesh alilijua hilo kuliko maimamu wawili watatu ninaowajua mimi.

Nilizipanga noti za elfu moja moja mafungu ishirini na manne ndani ya mkebe wa biskuti, nikauzungushia karatasi ya gundi mara nne, nikatia saini juu ya gundi pande zote. Mukesh alitazama tu, miwani imemshuka puani.

"Usiguse hata noti moja," nilimwambia. "Usimwambie mtu. Hata mke wangu, hata mama yangu. Nitakuja mwenyewe."

"Hazitaguswa," akasema. Akauweka mkebe ndani ya sefu, akaniuliza habari za joto la Omani. Nikatoka dukani kifua mbele.

Sasa, hakuna anayekufundisha kuacha mpira. Mpira wenyewe ulifundishwa tangu utotoni, lakini kuuacha unaachwa ujifunze peke yako. Kule klabuni nilikuwa naambiwa saa ya kuamka, saa ya kula, nile nini, nilale lini. Niliporudi mwaka 2022 na goti langu, nilikuwa sijui bei ya kilo ya unga. Fahima, mke wangu, mwalimu wa chekechea, alinituma chumvi nikarudi na pakiti sita kwa sababu muuzaji aliniambia zinakwenda kupanda. Tunazo mpaka leo.

Kila mtu alinishauri. Huyu ninunue viwanja Kakuyuni. Yule nijenge hosteli Kilifi karibu na chuo kikuu, wanafunzi hawaishi. Mwingine kuku wa mayai, mwingine boti ya watalii. Nikilala nasikia kuku, nikiamka nasikia hosteli. Mwisho nikanunua tuktuk tatu, nikawapa binamu zangu waziendeshe, na ikawa nusu ya mji inapanda bure kwa sababu ni tuktuk za Kepteni na Kepteni ni wetu. Nikafungua duka la jezi. Nikaagiza jezi mia mbili za timu moja ya Ulaya, na kabla hazijafika ile timu ikashushwa daraja. Msicheke. Nikawa naketi dukani nimeshika tama, nauliza mbona uwanjani nilikuwa nikijua adui anatokea upande gani.

Pesa nilizorudi nazo zikaisha. Lakini mkebe sikuugusa. Nilijiwekea ahadi kwamba ule ni wa biashara ya kweli, siku nitakayoijua. Mukesh alikuwa ameshafariki, Mungu amweke pema, corona ilimchukua mwaka 2020. Niliporudi nilikwenda kumpa pole mjane wake, Gomti, ambaye sote tunamwita Mama Raj. Watu walikuwa wengi dukani. Nikainama, nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Kile kitu changu?"

"Kipo," akasema. "Kama ulivyokiacha."

Nikarudi nyumbani na roho imetulia. Tangu siku ile nikawa sipiti karibu na duka lao, nisije nikatamani.

Biashara ya kweli niliipata mwaka huu. Kiponda, mzee wa Kakuyuni, amechoma bofulo mjini hapa miaka thelathini na moja, kwa tanuri la kuni, na nusu ya Malindi inakunywa chai na mkate wake. Akasema amechoka na moshi, anataka kurudi shambani kabla ya Ramadhani. Nilikwenda pale siku tatu mfululizo baada ya sala ya alfajiri. Siku ya tatu mzee akanipa donge la unga nilikande, na kwa mara ya kwanza tangu niache mpira nikasahau goti. Nikamwambia Fahima, hii ndiyo. Fahima alinitazama, akasema, "Hata mimi naona ndiyo." Na Fahima si mtu wa kunifurahisha bure.

Kiponda alitaka kilemba cha milioni mbili na laki tatu. Kilemba, kwa asiyejua, ni pesa unayompa mpangaji wa zamani akuachie mahali pamoja na wateja wake na jina lake. Nikauza tuktuk zote, nikamlipa laki tatu ya arubuni, ya kulifungia neno. Milioni mbili zilizobaki nilipe Ijumaa baada ya sala. Tukaandikiana mbele ya mashahidi wawili: nikikosa Ijumaa, arubuni ni yake. Nilitia saini nikitabasamu, maana mkebe nilikuwa nao.

Jumatatu alasiri nikaenda kwa Mama Raj. Akafungua sefu, akautoa mkebe kwa mikono miwili, akaufuta kwa upindo wa sari. Gundi ile ile. Saini zangu zile zile. Nikaubeba ndani ya mfuko wa plastiki hadi nyumbani, nikamkalisha Fahima kitandani, nikamwambia siri yote.

Hakufurahi kama nilivyotarajia. "Miaka saba?" akauliza. "Mwaka jana nilipouza cherehani tulipe kodi, hizi zilikuwepo?"

"Zilikuwa za biashara."

"Haya," akasema. Neno lile moja tu, na mimi nikajua nitalilipia muda mrefu. Nikakata gundi kwa kisu. Nikafungua. Mafungu ishirini na manne, hata harufu ya karafuu niliyoitia bado ilikuwepo. Fahima akachukua fungu moja, akalitazama, akachukua la pili. Uso wake ukabadilika.

"Amin, hizi ni zile."

"Zile zipi?"

"Zile zilizoondolewa." Akafungua pochi yake akatoa noti ya elfu moja, akaiweka karibu na zangu. Yake ilikuwa na simba. Zangu zilikuwa na sura ya rais wa kwanza. "Serikali ilisema zirudishwe benki zote kabla ya Septemba kuisha, elfu mbili na kumi na tisa. Redioni walitangaza mpaka tukachoka. Hukujua?"

Nilijua. Hapo ndipo akili inapogoma. Nilisikia nikiwa Omani, nikasikia kama mtu anavyosikia kwamba Rabai kumenyesha. Na niliporudi nikatumia noti mpya miaka miwili mizima, nazihesabu, natoa chenji, na siku hata moja sikujiuliza zile za mkebeni ni zipi. Kichwani mwangu zilikuwa milioni mbili na laki nne. Hazikuwa karatasi.

Jumanne nikaenda benki. Binti wa kaunta alipekua fungu moja, akaniambia kwa upole, "Kepteni, hizi zimekwisha zamani." Nikamwuliza kama naweza kupata hata nusu. Hapana. Robo? Akatikisa kichwa. Nikamwuliza, basi hizi ni nini sasa? Alifikiri kidogo, kwa kuwa swali lilikuwa la haki, akasema hajui. Askari wa mlangoni akaniomba moja akawaonyeshe wanawe. Nikampa.

Kutoka pale miguu ilinipeleka dukani kwa Mama Raj bila kuniuliza. Alikuwa akikunja kitambaa cha maua kwa mteja. Nilisema maneno ambayo siyarudii hapa. Nilisema mumewe alikuwa mfanyabiashara miaka hamsini, pesa zimebadilishwa nchi nzima, mtoto wa shule anajua, na yeye ameziacha zangu zioze sefuni? Mama Raj alifungua mdomo aseme kitu. Nikamkatiza. Akafungua tena, nikamkatiza tena. Mteja akaacha kitambaa akatoka. Nje watu walikuwa wamesimama, na niliwaona, na sikushusha sauti.

Mji huu hauhitaji siku mbili. Alasiri ile ile kwenye baraza la kahawa wakawa wanasema Mukesh alikula pesa za Kepteni, akazitumia, akarudisha karatasi za zamani zisizo kazi. Chengo, muuza kahawa, akaniuliza, "Kweli amezila?" Nikanywa kahawa yangu. Sikusema amezila, wala sikusema hakuzila. Na kuna sehemu ndani yangu, naona haya kuisema, iliyopata nafuu kusikia vile, kwa sababu angalau ilikuwa hadithi inayoeleweka.

Nyingine zote hazikueleweka. Nilikwenda kwa Maalim Amjad nikamweleza. Akasema amana ikiharibika bila uzembe, aliyewekewa hadaiwi. Nikamwuliza, kuziacha zife si uzembe? Akasema, ulimwambia asiguse? Ndiyo. Basi akizigusa ni hiana. Nikasema, kwa hiyo hakukosea? Akasema, sikusema hivyo. Nikasema, alikosea? Akavua kofia, akajikuna, akaivaa tena. "Amin mwanangu, nipe siku tatu nifungue vitabu." Na siku tatu ni Ijumaa yenyewe.

Jumatano sikutoka. Nilizunguka chumbani nikizungumza na marehemu. Mukesh, kwa nini hukuniambia? Mukesh, mdomo ulikuwa na kazi gani? Fahima alikwenda chekechea akarudi, akanikuta pale pale. Akaniambia, "Kula," akaniwekea sahani. Sikula.

Alhamisi asubuhi pakabishwa hodi. Alikuwa Mama Raj. Tangu nizaliwe sijamwona akiingia nyumba ya mtu mtaani kwetu isipokuwa kwa msiba. Fahima akamwamkia, akamkaribisha, akataka kupika chai. Mama Raj akasema hakai. Akaketi ukingoni mwa kiti, akafungua leso aliyoibeba, na ndani mlikuwa na bangili za dhahabu na mkufu mzito wa harusi.

"Mwanangu Raj anataka nifunge duka nikakae naye Nakuru," akasema. "Wiki ijayo. Sitaki kuondoka na jina la mume wangu likiwa hivi barazani. Amin, naomba uandike kwa mkono wako kwamba umepokea amana yako yote. Na kama huwezi kuandika hivyo, chukua hizi. Sonara amezipima, anasema zinafika hizo zako. Moja kati ya hayo mawili."

Fahima ndiye aliyesema, taratibu, "Mama Raj, kwa nini hakumwambia Amin zibadilishwe?"

Mama Raj akamtazama kama aliyeulizwa kitu cha ajabu. "Alimwambia. Alimpigia simu. Mimi nilikuwepo. Mara nne haikushikwa, ya tano ikashikwa. Alitoka nje kuongea, akarudi, akakaa. Hakula siku ile. Nikamwuliza, amesemaje? Akasema, kijana ana shughuli nyingi." Kisha akanigeukia. "Ndiyo maana ulipokuja kuniuliza nikakwambia kipo kama ulivyokiacha. Nilidhani baadaye alikupata tena, unajua. Nilidhani mlikubaliana kitu."

Akainuka, akaiacha leso mezani, akaaga. Fahima alimsindikiza mpaka njiani. Aliporudi akasimama mlangoni.

"Alikupigia?"

"Sikumbuki," nikasema, na wallahi ilikuwa kweli.

"Tazama simu yako."

Nikacheka. Mwaka 2019, nitazame nini? Lakini Fahima anajua tabia zangu. Akaichukua, akaingia mahali ambapo mimi siingii kamwe, kwenye orodha ya namba nilizozifungia zisinipigie. Kila nikibadilisha simu orodha inanifuata. Zilikuwa namba arobaini na saba. Shangazi. Binamu watatu. Yule wa pikipiki. Na ya thelathini na tatu, *Mukesh Duka*.

Hapo ikarudi yote. Tulikuwa Salalah, hotelini, kesho yake tuna mechi. Wiki ile nilikuwa nimepigiwa na watu tisa kutoka nyumbani, wote shida. Simu ikalia, ikalia, mwenzangu wa chumba akaniambia shika au uizime. Nikashika. Sauti ya mzee ikasema, "Amin, salama? Ni kuhusu zile pesa—" na mimi sikungoja neno la pili. Nilimwambia, hata wewe? Nilimwambia, nilidhani wewe ni mtu. Nilimwambia asiguse hata noti moja, na akigusa nitamshtaki, na asinipigie tena maisha yake yote. Kisha nikaifungia namba. Nikalala vizuri. Tukashinda mbili bila.

Fahima alikuwa ananitazama. Nikamweleza. Aliifunga leso ya dhahabu vizuri, akaiweka juu ya kabati, akaenda kufua.

Sasa nisikilizeni, maana nataka mjue jinsi shetani anavyokuja, haji na pembe. Usiku mzima nilipiga hesabu. Mama Raj hajui nilichosema. Mumewe alikufa nacho. Dhahabu iko juu ya kabati, kaileta mwenyewe kwa miguu yake, na tanuri la Kiponda liko pale, na Ramadhani inakuja, na mimi najua kukanda unga. Nani kaniibia? Hakuna. Nani namwibia? Hapo hesabu ilikuwa ikinikatikia, naanza upya. Mukesh hakukosea, mimi sikujua, mjane ametaka mwenyewe. Kila kipande kilikuwa sawa peke yake, na nikiviweka pamoja nilikuwa natokwa na jasho.

Ijumaa nilisali msikiti wa mbali, nisionane na Maalim. Nikatoka nikaenda kwa Kiponda. Alikuwa amekaa juu ya gunia la unga, karatasi yetu kwenye goti, mashahidi wote wawili wapo.

"Mzee, sina," nikasema.

Akanitazama muda. "Sina ya leo, au sina kabisa?"

"Kabisa."

"Basi arubuni nitaila, Kepteni. Nakwambia usoni. Nina shamba la kulima na sina mtoto wa kunilisha."

"Ni haki yako."

"Ni haki yangu," akasema, lakini hakuonekana kuifurahia. Akaikunja karatasi. Harufu ya mkate ilikuwa imejaa mle ndani, na nilitoka haraka kwa sababu macho yalikuwa yananiwasha, na haukuwa moshi.

Nikapita barazani. Walikuwepo wote, vikombe mikononi. Nikasimama katikati, nikasema, "Mukesh hakula shilingi yangu. Alinipigia simu kabla noti hazijafa, nikamtukana, nikamfungia namba. Kosa langu mimi."

Mmoja akatikisa kichwa kwa heshima. "Unaona? Mwungwana. Anamstahi marehemu." Mwingine akasema, "Huyo ndiye Kepteni, hawezi kumsema maiti vibaya." Nikawaambia, jamani, nasema kweli. Wakazidi kunisifu. Nikafoka. Wakasema maskini, uchungu wa pesa. Chengo alikataa nilipie kahawa. Sijui niliondokaje pale.

Duka la Mama Raj lilikuwa nusu tupu, majora ya vitambaa yamefungwa kwa kamba sakafuni. Nikamwamkia, nikamwekea leso yake juu ya meza. Aliifungua, akahesabu kwa macho, akaifunga. Nikaomba karatasi. Nikaandika: *Mimi Amin nimepokea amana yangu kwa Mukesh, kamili, haijapungua hata noti moja.* Nikatia saini. Akaisoma mara mbili, akaitia ndani ya pochi yake, akaifunga zipu.

"Kwa nini hukuchukua dhahabu?" akauliza.

Nikamwambia. Nilimwambia neno kwa neno, la mtu na la kushtaki na la maisha yake yote. Nilingoja anifukuze. Nilitaka anifukuze, ningejua pa kusimama.

Mama Raj alivuta kigoda akaketi. Akaweka mkono juu ya jora la kitambaa.

"Siku ya mwisho ya kubadilisha noti ilikuwa Jumatatu," akasema. "Aliutoa mkebe asubuhi akaenda nao benki. Alikaa kwenye benchi la nje, mkebe mapajani, simu mkononi. Saa saba nilimpelekea chai. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Nikamwambia, vunja gundi, ingia. Akasema hajaambiwa. Kila akifikiwa na zamu yake anampisha wa nyuma. Walifunga mlango saa kumi, akarudi nao nyumbani."

"Alikuwa akinipigia mimi?" nikauliza, kama mjinga, kwani nani mwingine.

"Na kesho yake pia alikupigia. Nikamwambia, ya nini sasa, pesa zimeshakufa. Akasema, nataka nimwambie mwenyewe, asije akasikia kwa watu."